Tapeti Iliyonyamaza: Oili na Vali katika Injini Ndogo za Pampu na Pikipiki

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wakulima wa umwagiliaji, waendesha bodaboda na mafundi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Kila kiangazi kuna kisa kinachojirudia kando ya mito. Mkulima amepanda nusu ekari ya nyanya, na maua yameanza kutoka. Asubuhi moja anavuta kamba ya pampu mara moja, mara kumi, mara ishirini. Injini inakohoa lakini haiwaki. Anabadilisha plagi. Anafungua kabureta na kuipuliza. Bado. Mwishowe anaibeba hadi mjini, fundi anafungua hedi na kumwonyesha vali ya ekzosi iliyoungua ukingoni kama kisahani kilichomegeka. Spea inapatikana baada ya siku nne. Siku nne bila maji katika jua la Februari, na maua ya nyanya yanadondoka chini.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba injini hiyo ilikuwa imepelekwa kwa fundi wiki chache kabla. Ilikuwa inapiga kelele ndogo, tak-tak-tak, na mkulima akasema, “Fundi, hii kelele sitaki kuisikia tena.” Fundi akakaza tapeti mpaka kelele ikaisha kabisa. Mkulima akalipa, akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo ndipo vali ilipoanza kuungua.

Hapo ndipo lilipo somo la leo. Tapeti inayopiga kelele kidogo inaonya mapema, na mwenye injini ana muda wa kuirekebisha. Tapeti iliyonyamaza kabisa huenda imeshaanza kuharibu vali. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Injini inavyofanya kazi

Injini nyingi za pampu, jenereta na pikipiki zinazotumika mashambani na barabarani ni za hatua nne. Mjerumani Nikolaus Otto aliunda injini ya aina hiyo mwaka 1876, na hatua zake hazijabadilika. Kwanza pistoni inashuka na kuvuta hewa na petroli. Pili inapanda na kubana mchanganyiko huo. Tatu plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini. Nne pistoni inapanda tena na kufukuza moshi.

Milango ya kazi hiyo ni vali mbili. Ya kuingiza iko upande wa kabureta, na ya kutoa iko upande wa ekzosi. Injini ya pampu ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 1,800 kwa dakika hiyo hiyo, yaani mara 30 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ya kumwagilia, kila vali imefunga mara 108,000. Kitu kinachogongwa mara nyingi namna hiyo hakiwezi kubaki vile vile milele, hata kiwe cha chuma kigumu kiasi gani.

Oili: nusu lita inayobeba shamba zima

Injini nyingi ndogo za pampu hazina pampu ya oili wala filta ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo cha chuma. Kila injini inapozunguka, kijiko hicho hupiga oili iliyo chini na kuirusha juu kama mvua. Oili hiyo ndiyo inayolainisha bearingi, silinda, kamshafti na roka zilizo juu ya vali. Basi mambo mawili yakikosekana, mvua hiyo haifiki: kiasi cha oili, na ulalo wa injini.

Tuseme injini ni ya aina ya Honda GX160, au mojawapo ya injini nyingi zilizoundwa kwa kufuata mfano wake. Inachukua takriban lita 0.6 za oili, sawa na chupa mbili za soda za mililita 300. Ikipungua chupa moja tu, nusu ya oili yote imekwisha. Ndiyo maana oili inapaswa kukaguliwa kila siku kabla ya kuwasha, si mara moja kwa mwezi.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi, lakini wengi huukosea. Injini iwe imezimwa na iwe imekaa sawasawa. Kifuniko chenye kijiti cha kupimia kifunguliwe, kijiti kifutwe, kisha kirudishwe bila kukikaza. Katika injini za aina hiyo, ukikaza kijiti kabla ya kusoma, utaona oili nyingi kuliko iliyopo. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe hadi ifike kwenye mdomo wa tundu.

Jambo la pili ni ulalo. Wakulima wengi huweka pampu kwenye mteremko wa ukingo wa mto ili iwe karibu na maji. Injini ikiinama zaidi ya nyuzi 20 hivi, oili hukimbilia upande mmoja na kijiko hupiga hewa. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba oili imejaa, na bado injini ikafa kwa ukavu. Dawa yake ni jembe: chimba kijukwaa tambarare ukingoni, upana wa pampu na zaidi kidogo, na pampu ikae hapo kila siku.

Pampu inapofungwa ubavu nyuma ya pikipiki kupelekwa shambani, oili hupenya hadi kwenye silinda na kwenye kichujio cha hewa. Afadhali isafirishwe ikiwa imesimama, na mlango wa petroli uwe umefungwa. Ikiwa ililala na sasa kamba imegoma kuvutika, isilazimishwe. Toa plagi, vuta kamba taratibu ili oili iliyoingia juu ya pistoni itoke, kisha kagua kiasi cha oili upya.

Saa za kazi, si miezi

Kitabu cha injini ya GX160 kinasema oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, kisha kila miezi sita au saa 100. Wengi husoma “miezi sita” na kuishia hapo. Lakini kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Mkulima anayemwagilia saa tano kila siku hufikisha saa 100 kwa siku 20. Akingoja miezi sita, injini yake itakuwa imefanya kazi saa 900 kwa oili ile ile. Wakati huo oili haiwezi tena kulainisha; imekuwa tope jeusi lenye vumbi na chembe za chuma.

Kwa sababu hii, kila mwenye pampu anahitaji daftari dogo au kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye fremu ya pampu. Kila jioni aandike saa za siku hiyo. Saa 50, kichujio cha hewa kisafishwe. Saa 100, oili ibadilishwe na plagi ikaguliwe. Pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Saa 300, vali zipimwe. Kwa mtu wa saa tano kwa siku, saa 300 ni siku 60. Katika kiangazi kimoja, zamu ya vali inafika kabla mvua hazijaanza.

Kichujio cha hewa kinahusika moja kwa moja na oili. Vumbi likipita, huchanganyika na oili na kuwa kama msasa unaosugua silinda na ringi. Sifongo ya kichujio huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa vizuri, hutiwa oili safi kidogo na kukamuliwa. Isioshwe kwa petroli, maana inaweza kuwaka moto. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Hugongwa taratibu vumbi litoke, na kikichakaa hubadilishwa.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Kwa injini kama hii, SAE 10W-30 inafaa kwa matumizi ya kawaida, na SAE 30 inafaa maeneo yenye joto. Oili inunuliwe katika chupa iliyofungwa na yenye alama ya ubora ya KEBS, si kwenye chupa ya maji iliyojazwa kutoka dramu isiyojulikana. Pia isichanganywe na petroli. Mchanganyiko ni wa injini za hatua mbili, kama zile za misumeno mingi ya kukatia miti. Injini ya hatua nne ina chumba chake cha oili, na ukichanganya, plagi inachafuka na moshi unajaa bila faida yoyote.

Rangi na harufu vinasema pia. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Oili inayonuka petroli na kuongezeka badala ya kupungua ina petroli iliyovuja kutoka kwenye kabureta, na imekuwa nyepesi kiasi cha kushindwa kulainisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweusi mara nyingi ni kichujio kilichoziba au petroli iliyozidi.

Kwa nini vali inahitaji nafasi

Kati ya roka na mwisho wa vali panaachwa nafasi ndogo sana injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ina sababu. Chuma kikipata joto hurefuka. Vali ya ekzosi huweza kufikia nyuzi joto 700 za Selsiasi, kwa kuwa moshi wote unaotoka kwenye moto hupita kando yake. Ikirefuka bila nafasi, roka huizuia kufunga.

Sasa vali hiyo inapoaje? Hupoa wakati imekaa kwenye kiti chake. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka ukingoni, huingia kwenye kiti, hupita kwenye hedi hadi kwenye mapezi ya kupozea, na kuchukuliwa na upepo. Vali isiyofunga sawasawa hukosa muda wa kupoa. Tena moshi wa moto hupenya kwenye mwanya mwembamba kama moto wa fundi wa kulehemu, na kuukata ukingo kidogo kidogo. Nguvu inapungua, kuwasha kunakuwa kugumu, na hatimaye injini inagoma.

Watu wengi hudhani nafasi huongezeka tu kadiri injini inavyochakaa. Huongezeka, ndiyo, roka na kamshafti zinapolika, na hapo kelele husikika. Lakini vali na kiti chake zikilika, vali huzama ndani ya hedi, na mkia wake hupanda kuelekea roka. Nafasi hupungua, na kelele hupungua pamoja nayo. Ndiyo maana sikio haliwezi kuwa kipimo. Injini iliyotulia ghafla baada ya miezi ya kugonga haijapona, inahitaji kupimwa.

Vipimo vyenyewe ni vidogo. Kwa GX160 za miaka mingi, nafasi ya vali ya kuingiza ni milimita 0.15 na ya ekzosi ni milimita 0.20. Matoleo mapya yana nafasi ndogo zaidi, kwa hiyo kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa takriban milimita 0.1, lakini karatasi hubonyea na haifai kuwa kipimo. Kifaa cha kazi ni fila geji, yaani vile visu vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza kununua kimoja na kukitumia kwa zamu miaka mingi.

Kupima hatua kwa hatua

Injini iwe baridi kabisa; asubuhi kabla ya kuwasha ndio wakati mzuri. Kofia ya plagi ing’olewe ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Vumbi na majani yapanguswe juu ya hedi, kisha kifuniko cha vali kifunguliwe taratibu ili gasketi isipasuke.

Kamba ya stata ivutwe polepole hadi pistoni ifike juu kabisa katika hatua ya kubana. Alama ya hakika ni kwamba vali zote mbili zimefunga, na roka zote mbili zinatikisika kidogo kwa vidole ikiwa zina nafasi. Pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko wa kazi. Ikiwa moja ya vali inasukumwa chini, injini izungushwe mzunguko mmoja zaidi.

Kisu cha unene unaotakiwa kipitishwe kati ya roka na mkia wa vali. Kinapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo tu. Kikipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Kisipopita, nafasi ni ndogo. Kurekebisha, nati ya kufungia hulegezwa, kirekebishi huzungushwa, kisha nati hukazwa huku kirekebishi kimeshikiliwa kisizunguke. Halafu nafasi hupimwa tena, kwa sababu kukaza nati mara nyingi husogeza kipimo. Fundi anayepima mara moja tu hajamaliza kazi.

Kwa waendesha bodaboda

Pikipiki nayo ina hadithi yake. Katika miaka ya 1970, kampuni ya Honda ilitengeneza CG125 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ilibebeshwa mizigo mizito na oili ilicheleweshwa. Katika injini za kabla yake, kamshafti ilikuwa juu kwenye hedi, na oili chafu au pungufu iliiharibu mapema. Wahandisi wakaishusha chini na kutumia fito za kusukuma roka. Pikipiki nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa baadaye zilifuata muundo huo, na nafasi ya vali za CG125 ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Hata hivyo, pikipiki nyingi za leo zina kamshafti juu na cheni, na kila aina ina kipimo chake. Hata injini iliyoundwa kuvumilia haikuundwa kuachwa bila oili.

Katika pikipiki nyingi, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Kwa hiyo oili yake iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari zilizotengenezwa kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze, na mwendeshaji huishia kubadilisha klachi ambayo haikuwa na kosa.

Usalama na oili iliyotumika

Injini yoyote ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Pampu au jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, stoo au kisima kilichofunikwa, hata kwa dakika chache za kujaribu.

Oili humwagwa vizuri zaidi injini ikiwa na joto la wastani, si moto wa kuunguza. Oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi na zinazoweza kusababisha saratani ikigusa ngozi mara kwa mara, basi mikono ivaliwe glavu au ioshwe kwa sabuni mara moja. Isitumike kupaka vidonda vya mifugo. Isimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Mkulima anayeimwaga ukingoni anaimwaga katika maji ambayo pampu yake itayavuta kesho, na ambayo jirani wa chini atayanywa. Ikusanywe katika jerikeni yenye kifuniko, iandikwe isije ikadhaniwa kuwa kitu kingine, na ipelekwe kwenye gereji au kwa wakusanyaji wenye leseni.

Warudi nyumbani na nini

Yule mkulima wa nyanya hakukosa bidii. Alilipa fundi, akanunua plagi, akavuta kamba mpaka bega likauma. Alichokosa ni swali moja. Badala ya kusema, “Fundi, ondoa hii kelele,” angeuliza, “Fundi, nafasi ni milimita ngapi?” Fundi mwenye fila geji atajibu kwa namba. Asiye nayo ataelewa kwamba wateja wa siku hizi wanapima, na ataitafuta.

Basi kila mmoja arudi nyumbani na mambo matatu: kijukwaa tambarare cha pampu, daftari la saa za kazi, na swali hilo moja la kumuuliza fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hujengwa wakati ule ule shamba linapolilia maji.